Mtaka cha Mvunguni: Vitabu Vikuukuu vya Kiyovu na Historia ya Kiswahili Nchini Rwanda

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeifundisha darasani mara nyingi, na kila mara tumewaeleza wanafunzi kwamba apataye ni yule akubaliye kujitaabisha. Mwanafunzi anayetaka kuiona methali yenyewe ikitendeka mbele ya macho yake na aende mahali panapouzwa vitabu vilivyokwisha kutumika. Jijini Nairobi, wauzaji waliotandaza vitabu vyao chini, kando ya barabara za katikati ya jiji, walipewa na wateja wao jina la “inama”, kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ndipo asome majina ya vitabu. Hapa Kigali biashara ya namna hiyo haikuzoea kukaa barabarani. Mimi niliikuta ndani ya geti, katika mtaa wa Kiyovu.

Kiyovu uko kwenye mteremko wa kilima cha Nyarugenge, karibu kabisa na katikati ya jiji. Ni mtaa wenye miti mikubwa na nyumba zenye bustani, na kwa muda mrefu umekaliwa na wageni wengi wa balozi na mashirika. Mgeni wa aina hiyo huja kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, kisha huondoka. Na aondokaye huuza: huanza na friji na viti, akaja kwenye vyombo, na mwisho kabisa vitabu, maana vitabu ni vizito na mzigo wa ndege hupimwa kwa kilo. Katika miaka ya 2000 palikuwa na mzee mmoja aliyevikusanya vitabu vya watu hao, pamoja na vile alivyoletewa kutoka mitaa mingine, akavipanga katika maboksi ndani ya gereji. Hakuwa na kibao mlangoni. Alifungua Jumamosi asubuhi, isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya umuganda. Kitabu kidogo kilikuwa faranga 500, kikubwa faranga 1,000, na bei haikutegemea yaliyomo bali unene.

Kila nilipoingia alinipokea kwa maneno yale yale: “Karibu, mwalimu. Caguwa!” Nami nilijibu, “Asante, mzee,” nikainama.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini neno hilo moja la mzee linafaa kuwekwa katika somo la historia ya Kiswahili nchini Rwanda.

Neno lenyewe

Wanyarwanda huita nguo za mitumba caguwa. Mwalimu yeyote wa Kiswahili akilisikia neno hilo likitamkwa hahitaji kamusi: ni kitenzi chetu “chagua”, kilichoandikwa kwa tahajia ya Kinyarwanda, ambamo herufi c husomwa kama ch yetu. Tanzania na Kenya zililipa soko hilo jina la mtumba, yaani furushi la nguo lilivyofungwa. Rwanda ililipa jina la kile anachokifanya mnunuzi akishafika mbele ya furushi. Upande mmoja walitazama mzigo, upande mwingine wakatazama mkono wa mteja.

Raha ya vitabu vikuukuu imo katika kitenzi hicho. Katika duka la vitabu vipya mwenye duka amekwisha kukuchagulia: ameagiza kinachouzika, akakipanga kwa masomo, akakiweka mbele kile ambacho mtaala umekitaja. Katika boksi la gereji hakuna aliyekuchagulia. Kitabu cha mapishi kimelala juu ya tasnifu ya sheria, riwaya ya upelelezi ya Kifaransa imebanwa na mwongozo wa kufuga nyuki. Huenda boksi zima lisiwe na kitabu hata kimoja cha Kiswahili. Kisha chini kabisa, pale ambapo mkono unafika lakini jicho halioni vizuri, unashika jalada jembamba, unalivuta, na kumbe ni kusanyiko la mashairi ya Shaaban Robert, lenye nembo ya Thomas Nelson na kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Hujui lilifikaje Kigali. Swali hilo ndilo linalotupeleka kwenye historia.

Nani alichagua?

Kiswahili kiliingia nchini kwa njia ya misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani. Mwaka 1907 Richard Kandt aliweka makao ya utawala huo Kigali, na nyumba inayokumbusha kazi yake hadi leo ni jumba la makumbusho huku Nyarugenge. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala wa koloni lao la Afrika Mashariki, kwa hiyo kilikuja pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yakaichukua nchi. Chini ya Wabelgiji na wamisionari, shule na kanisa vilitegemea Kinyarwanda na Kifaransa. Gazeti la Kinyamateka, lililoanza Kabgayi mwaka 1933, lilikuwa la Kinyarwanda. Kiswahili kilitazamwa na wengi kama lugha ya Waislamu, ya soko na ya askari, na wasemaji wake wa mjini wakahusishwa na mtaa wa Biryogo, upande wa Nyamirambo, ulioitwa Camp Swahili.

Wakati huo huo, ng’ambo ya mpaka, Kiswahili kilikuwa kikijengewa vitabu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikiwa na wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo ilisanifisha lugha kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, na ikawa inapitisha vitabu vya shule kabla havijachapwa. Mwaka 1948 ikafuata taasisi ya East African Literature Bureau, iliyochapisha na kusambaza vitabu katika nchi hizo hizo nne. Ruanda-Urundi haikuwamo. Mpaka wa Wabelgiji na Waingereza ulikuwa pia mpaka wa vitabu: upande mmoja mtoto alifundishwa kusoma kwa Kiswahili, upande wa pili mtoto aliyekisikia Kiswahili sokoni kila siku hakukutana nacho katika kitabu cha shule.

Lakini lugha haingoji ruhusa. Tazama maneno ambayo Kinyarwanda kilikwisha kuyachukua: igitabo kutoka kitabu, ikaramu kutoka kalamu, iduka kutoka duka. Ishuri ni shule yetu, ambayo nayo tuliitoa kwa Wajerumani. Yaani Kiswahili kilipokosa nafasi darasani, majina ya vifaa vya darasa yalikuwa yamekwisha kuingia bila kubisha hodi.

Njia za vitabu

Je, vitabu vyenyewe viliingia vipi? Kwa kuvitazama vile vilivyopita mikononi mwangu Kiyovu, ninaweza kutaja njia nne.

Njia ya kwanza ni dini. Vitabu vya Kiislamu kwa Kiswahili vilitembea pamoja na wafanyabiashara na walimu wa madrasa. Kwa upande wa Wakatoliki, Tabora palikuwa na TMP, yaani Tanganyika Mission Press, na Tabora si mbali sana na mpaka wetu.

Njia ya pili ni ya wakimbizi. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda wengi walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Waliolelewa Tanzania walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na waliporudi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, baadhi yao walirudi na daftari na vitabu katika masanduku yao. Nchi waliyoikuta ilikuwa imepoteza watu, na pamoja nao walimu wa kila somo, na maktaba nyingi zilikuwa zimeporwa au kuharibiwa. Kitabu kilichobebwa na familia moja kilisomwa na familia nyingi.

Njia ya tatu ni ya wageni niliokwisha kuwataja, wale wa Kiyovu. Wengi wao waliwahi kufanya kazi Nairobi au Dar es Salaam kabla ya kuja Kigali, na huko walinunua kamusi na vitabu vya kujifunzia Kiswahili. Katika maboksi ya mzee, vitabu hivyo vilikuwa na alama za kalamu katika sura tatu za mwanzo tu. Kuanzia sura ya nne kurasa zilikuwa safi kabisa.

Njia ya nne ni ya Jumuiya. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na wanafunzi, madereva na wafanyabiashara wakazidi kwenda na kurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuona riwaya zenye muhuri wa maduka ya Kampala na Nairobi.

Kusoma kabla ya ukurasa wa kwanza

Mwanafunzi aliyezoea kufungua sura ya kwanza mara moja anapoteza nusu ya kitabu kikuukuu. Anza na kurasa zisizo na namba. Kama jina la nchi ni Tanganyika, ujue kwa kawaida kitabu kilichapwa kabla ya Muungano wa 1964. Ukikuta Ruanda-Urundi, umerudi nyuma ya uhuru wa 1962. Namba ya ISBN ilianza kuenea kuanzia mwaka 1970. Ikiwa na tarakimu kumi, kitabu kilichapwa kabla ya 2007, na ikiwa na kumi na tatu peke yake, ni cha mwaka huo au baadaye. Haya ni mambo madogo, lakini yanamfundisha mwanafunzi kuuliza umri wa chanzo chake kabla ya kukinukuu.

Kisha tazama mahali pa uchapishaji. Siku moja nilipata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi katika toleo la kwanza la mwaka 1971. Riwaya hii inajulikana kwa walimu wote, na inajulikana pia kwamba iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Nilichokitazama mimi ni jina la mchapishaji: East African Literature Bureau, na majina ya miji yake, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na taasisi hiyo ikafikia mwisho wake pamoja nayo. Nilikuwa nimeshika kitabu cha jumuiya iliyokufa, katika mji ambao haukuwa katika orodha yake, mwaka mmoja baada ya mji huo kuingia katika jumuiya mpya. Hakuna muhadhara wangu uliowahi kueleza historia hiyo kwa ufupi kama ukurasa ule.

Mwisho soma maandishi ya mkono. Katika boksi jingine nilikuta kitabu cha darasani cha mfululizo wa Tujifunze Lugha Yetu, kilichotumika katika shule za msingi za Tanzania. Ndani ya jalada palikuwa na jina la msichana, ambalo sitalitaja, pamoja na jina la shule moja ya mkoa wa Kagera. Pambizoni, kwa penseli, msichana huyo alikuwa ameandika maneno ya Kinyarwanda. Kando ya “mbichi” aliandika “mbisi”. Nilisimama gereji muda mrefu. Hapa palikuwa na mtoto wa ukimbizini aliyegundua peke yake, bila mhadhiri wa isimu linganishi, kwamba lugha ya shule na lugha ya nyumbani ni ndugu. Tangu siku hiyo ninapofundisha uhusiano wa lugha za Kibantu ninaanza na maneno hayo mawili.

Juzuu niliyoiacha

Nisije nikaonekana kwamba nilipata kila nilichokitaka. Kosa langu kubwa nililifanya kwa ubahili, na ninalieleza ili wanafunzi wasilirudie.

Kamusi ya Charles Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris kwa juzuu mbili, mwaka 1939 na 1941. Padri huyo aliishi miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo, na zaidi ya kuwa mwanalugha alikuwa mtaalamu wa mimea. Kwa hiyo kamusi yake imejaa maneno ya lahaja za pwani na majina ya miti ambayo kamusi nyingine hazinayo. Mwaka huo huo wa 1939 ndipo ilipotoka kamusi ya Frederick Johnson ya Kiswahili na Kiingereza, ambayo ilifuata usanifishaji wa Kamati. Johnson akaenea shuleni, Sacleux akabaki kwa wachache. Hata hivyo kwa nchi kama yetu, ambayo walimu wake wengi walisoma kwa Kifaransa, Sacleux angeweza kuwa mlango wa kuingilia Kiswahili.

Jumamosi moja niliikuta juzuu ya pili katika boksi, bila mwenzake. Mzee aliitaka faranga 3,000 kwa sababu ya unene. Nilijiambia kwamba juzuu moja ni kama kiatu kimoja, nikairudisha. Usiku sikulala vizuri. Wiki iliyofuata ilikuwa ya umuganda, na iliyofuata tena nilikuwa nikisahihisha mitihani. Nilipokwenda mara ya tatu nikiwa na fedha mkononi, mzee alitikisa kichwa. “Mwalimu, yule uliyemwacha kachaguliwa na mwingine.” Hakusema kwa kunicheka. Ilikuwa ni taarifa tu.

Baada ya hapo maboksi yenyewe yalibadilika. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na haukupita muda maboksi yakajaa vitabu vya shule vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyevihitaji tena. Kabla ya mabadiliko yoyote ya lugha kuonekana katika mtihani, niliyaona kwenye gereji. Miaka hiyo hiyo ule upande wa Kiyovu ulioitwa Kiyovu cy’Abakene, yaani Kiyovu ya maskini, ulibomolewa, na watu wake wengi wakahamishiwa Batsinda. Mtaa ulikuwa ukibadilika, nyumba zikauzwa, na siku moja nilikuta geti la mzee limefungwa kwa mnyororo. Sikumwona tena.

Kwa walimu na wanafunzi

Wapo watakaouliza: ya nini kusumbuka leo? Maktaba ya Umma ya Kigali ilifunguliwa Kacyiru mwaka 2012. Kiswahili kilipitishwa na Bunge kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Vitabu vingine vinapatikana kwenye intaneti. Hoja hizi ni za kweli, nami ninazifurahia. Pia ni haki kukumbusha kwamba kitabu kilichotumika hakimpi mwandishi hata senti moja. Anayependa fasihi ya Kiswahili na anunue riwaya mpya za waandishi walio hai, vinginevyo kesho hakutakuwa na kikuukuu cha kuinamia. Aidha, kitabu cha zamani kina mitego yake: msamiati uliopitwa na wakati, na katika vitabu vya shule vya kikoloni, namna ya kumsema Mwafrika kana kwamba ni mtoto. Kisomwe kwa jicho la mkosoaji.

Hata hivyo kuna jambo ambalo maktaba mpya na intaneti haziwezi kutupa. Historia ya Kiswahili nchini mwetu imeandikwa zaidi kwa kufuata waliokichagua au kukikataa kwa niaba ya wengine: Wajerumani, Wabelgiji, wamisionari, mawaziri. Waliokichagua kwa mikono yao wenyewe hawakuacha sheria wala ripoti. Waliacha majina ndani ya majalada, maneno ya penseli pambizoni, na mihuri ya maduka. Ushahidi huo umo majumbani mwetu, na kila nyumba inapohamishwa unatupwa pamoja na takataka nyingine.

Kwa hiyo ninatoa pendekezo dogo kwa idara. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na aulize nyumbani kwao, kwa mama, babu, shangazi au jirani, kama kuna kitabu chochote cha zamani cha Kiswahili. Asikichukue kama mwenyewe hataki. Anakili tu kilichoandikwa katika kurasa zisizo na namba: mchapishaji, mji, mwaka, muhuri, na lugha za maandishi ya mkono. Kisha amuulize mwenye kitabu kilifikaje Rwanda, na aandike jibu lake. Katika miaka mitatu tutakuwa na daftari ambalo hakuna chuo kingine kinalo.

Mimi nitaanza na vitabu vyangu vya Kiyovu, ambavyo sasa vimejaza rafu mbili. Na kama kuna msomaji yeyote aliyeichagua ile juzuu ya pili ya Sacleux, sidai anirudishie. Ninaomba tu aifungue na atuandikie jina lililomo ndani ya jalada. Mimi nilikuwa na haraka, sikulisoma.